Orodha ya Kabla ya Mchwa

Kwa miaka sita nilishika funguo za makabati tisa ya vitabu, na hapakuwa na mwanachama aliyeruhusiwa kuyafungua kwa mkono wake. Maktaba ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa katikati ya mji wa Dodoma, katika nyumba ya familia ambayo mababu zake walifika na misafara ya biashara wakaamua kubaki. Haikuwa ya serikali wala ya chuo. Ilikuwa ya chama. Watu walijiunga, wakatoa ada kila mwaka, na kwa ada hiyo wakapata haki ya kuazima vitabu viwili kwa wiki mbili.

Mtu akitaka kitabu alikaa mezani, akafungua daftari la orodha, akatafuta anachokitaka, kisha akaandika alama yake kwenye kipande cha karatasi. B, nne, kumi na mbili. Maana yake kabati B, rafu ya nne kutoka juu, kitabu cha kumi na mbili kutoka kushoto. Mimi nilipokea karatasi, nikafungua kabati, nikahesabu kwa kidole, nikamletea. Orodha ikiwa sahihi, hata aliyejiunga jana anakifikia kitabu chake. Ikiwa imekosewa, makabati yote tisa ni ukuta tu.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Bibi. Nilimwita hivyo ingawa hatuna undugu. Yeye ni mtu wa mjini, binti wa nyumba ile ile. Mimi nimezaliwa kijiji cha jirani na Kolo, huko Kondoa, kwa baba mkulima wa alizeti na mbaazi, na Kiswahili nilikikuta shuleni. Baba yake Bibi ndiye aliyeanzisha chama na kupanga vitabu. Vikubwa viliwekwa chini, vidogo juu, na kila ukubwa ukafuata mpangilio wa kuwasili. Kwa hiyo kitabu cha sala kilikaa bega kwa bega na kitabu cha kutengeneza pampu ya maji, kwa sababu vilikuja wiki moja na vililingana kimo.

Nilipokwenda kusomea cheti cha ukutubi, mwalimu alitueleza habari za maktaba za kale za Ulaya, zile za watu kuchangishana. Walinunua vitabu kwa pamoja, wakavifungia, wakavipanga kwa ukubwa na kwa namba ya kuingia, halafu wakachapisha katalogi ndogo ambayo kila mwanachama alikaa nayo nyumbani. Nyingine hata orodha yenyewe ilifuata ukubwa, ikabidi anayetafuta ajue kwanza kitabu chake kina urefu gani. Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, maana kazini kwangu hali ilikuwa hiyo hiyo, na mambo yalikwenda. Mpango wa namna ile unafanya kazi vizuri kabisa mradi kitu chochote kisihame.

Mwaka wangu wa tano niliinakili orodha nzima upya katika daftari moja kubwa lenye jalada gumu la kijani, kwa mwandiko wangu bora, maana madaftari ya baba yake Bibi yalikuwa yameanza kukatika. Nilijivunia daftari lile. Miezi michache baadaye walikuja mchwa.

Yeyote aliyekaa Dodoma anajua kwamba mchwa hawapigi hodi. Mvua za kwanza zilinyesha, na siku moja nilivuta kitabu kikubwa kutoka rafu ya chini ya kabati A nikakiona chepesi mkononi. Jalada lilikuwa zima. Ndani palikuwa na udongo. Tulitoa vitabu vyote uani, tukavitandaza juu ya mikeka, tukavipangusa kimoja kimoja. Vilivyokufa tulivichoma. Makabati tuliyasogeza mbali na ukuta na kuyapandisha juu ya matofali, fundi akaja kupiga dawa.

Kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeshahama, nilimwomba Bibi ruhusa ya kuvipanga kwa mada badala ya kimo. Dini kabati lake, historia na safari kabati lake, sheria, kilimo na mifugo, afya, hadithi na mashairi, lugha, vitabu vya watoto, na kabati la mwisho la mchanganyiko. Alikubali. Alisema baba yake angenuna, lakini baba yake hakuwahi kuona njia ya mchwa ikipita ndani ya kitabu. Kwa kila kitabu niliandika kadi, na alama mpya niliiandika kwa kalamu ya risasi kwenye pembe yake. Herufi za makabati zilibaki zile zile, A mpaka I, ila vitabu vilivyokuwamo vilikuwa vingine kabisa. Kadi nilizipanga katika maboksi mawili ya viatu juu ya meza yangu, na wanachama wakazoea kutafutia humo. Nilikuwa nimekusudia kuzinakili katika daftari jipya nikishahakikisha kila moja. Kazi hiyo ilinichukua alasiri za miezi minane. Daftari la kijani nililiweka kwenye droo, maana halikuwa na kazi tena.

Mwaka huo chama kilichagua katibu mpya. Alikuwa mhadhiri kwenye chuo kikubwa cha kule Chimwaga, kijana wa miaka arobaini na kitu, mtanashati, mwenye sauti ya kutulia. Alikuwa pia mtoto wa marehemu kaka yake Bibi, na alimwita shangazi. Maktabani alifika mara chache. Akifika alisimama mlangoni, akatazama maboksi yangu, akauliza lini tutaachana na makaratasi. Nilimweleza kwamba natayarisha katalogi mpya. Alisema vizuri sana dada, vizuri sana, huku akitazama simu yake.

Siku ya kikao cha kamati niliitwa kuandaa chai. Sikuwa mjumbe. Nilikuwa nasogeza birika kwa mwenyekiti, mzee mmoja muuza vipuri, pale katibu alipotoa kwenye mkoba wake karatasi zilizochapwa vizuri na kuzigawa. Alisema ameandaa katalogi ya kwanza ya kuchapishwa katika historia ya chama, kila mwanachama atapata nakala, na uzinduzi utafanyika baada ya mwezi mmoja na mgeni rasmi. Jalada lilikuwa na picha ya nyumba. Chini ya picha paliandikwa jina lake na shahada zake.

Nilichungulia nakala ya mwenyekiti. Ukurasa wa kwanza ulikuwa kabati A, rafu ya chini, vitabu vikubwa. Nilivitambua vyote. Nilikuwa nimeviona vikiwaka moto uani. Alikuwa amefungua droo yangu, akalichukua daftari la kijani bila kuniuliza, akampa mchapaji wa huko chuoni alinakili neno kwa neno. Kwake yeye orodha ilikuwa orodha tu. Kadi za kwenye maboksi alidhani ni vipande vya daftari lile lile.

Niliweka birika chini. Naapa nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia. Nilikuwa nimeshatamka neno la kwanza, katibu samahani, na uso wangu ulikuwa wa mtu anayetaka kumsaidia mwenzake asianguke. Aligeuka akatabasamu, akawaambia wajumbe:

"Na nimshukuru huyu dada. Yeye alinisaidia kunakili."

Wajumbe walinipigia makofi mafupi. Nilimtazama Bibi. Alikuwa amekaa mwisho wa meza, karatasi zimelala mbele yake. Macho yake yalikuwa yameanza kushindwa, presha ya macho, hakuweza kusoma maandishi madogo, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alijua nani alikaa miezi minane na kalamu ya risasi. Alijua hata idadi ya kalamu, kwa sababu yeye ndiye aliyezichonga. Aliinamisha kichwa akaanza kukunjakunja ncha ya kanga yake.

Nilifunga mdomo wangu. Nilichukua birika nikaendelea kumimina chai.

Watu huzungumza juu ya hasira kana kwamba ni moto. Yangu haikuwa hivyo. Ilikuwa kitu cha utulivu, chenye mpangilio. Mwezi mzima nilikwenda kazini, nikafagia, nikawapa wanachama vitabu vyao kwa kadi zangu, nikamsalimu katibu kila alipopita. Nilikula vizuri. Nililala vizuri. Kila asubuhi niliamka nikikumbuka kwamba kule kwenye kiwanda cha uchapaji mashine zinachapa nakala mia na zaidi za orodha ya vitabu vilivyoliwa na mchwa, na moyo wangu ulitulia kama wa mtu aliyekwisha kula daku.

Ningeweza kusema wakati wowote. Nataka hilo lieleweke. Hakuna aliyenizuia. Siku moja mwenyekiti alinikuta peke yangu akaniuliza kama kila kitu kiko sawa na katalogi, nikamjibu kwamba hilo la katibu, mimi nilinakili tu.

Wiki moja kabla ya uzinduzi katibu alinijulisha kwamba baada ya shughuli maktaba itakuwa na mtunzaji mwingine, binti aliyemaliza chuo hivi karibuni, anayejua kompyuta. Alinishukuru kwa utumishi wangu. Aliniomba nikabidhi funguo siku moja kabla.

"Na uondoe vitu vyako vyote," alisema. "Tunataka meza iwe safi wageni wakija."

Nilimuuliza kama ana maana vitu vyote. Alisema vyote. Basi nilifanya kama nilivyoagizwa. Nilibeba kikombe changu, kanga ya kufunikia kiti, na maboksi mawili ya viatu. Wanachama ambao wangeulizia kadi siku ile hawakuwapo. Maktaba ilifungwa kwa ajili ya kupaka rangi. Nilipanda bodaboda nikiwa nimeyakumbatia maboksi kifuani, na dereva aliniuliza kama nimebeba viatu vya harusi.

Kwenye uzinduzi nilikwenda kama mwalikwa. Nilivaa gauni langu la Idi. Uani palifungwa turubai, upepo ukawa unalipiga na kutumwagia vumbi kwenye sambusa na juisi ya ubuyu. Nilichagua kiti cha mstari wa tatu, karibu na dirisha la chumba cha makabati, mahali ambapo ningeona vizuri. Mgeni rasmi alikuwa hakimu mstaafu, mtu mwenye mapenzi ya kweli na vitabu, na hilo sikulitegemea. Nilidhani atakata utepe, atakunywa juisi, ataondoka, na aibu itakuja polepole siku za mbele. Kumbe alikaa na katalogi wakati wa hotuba zote akiisoma kwa kidole, na zamu yake ilipofika alisema hatatoa hotuba, bali angependa kuwa mtu wa kwanza kuazima.

Alisoma alama kwa sauti. D, mbili, tisa. Kitabu cha sheria za ardhi.

Katibu mwenyewe alichukua funguo. Alitaka aonekane. Alifungua kabati D, akahesabu, akavuta, akamletea hakimu kwa mikono miwili. Hakimu alitazama jalada, akavua miwani, akavaa tena. Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa kuku.

Watu walicheka kwa upole, na katibu alicheka nao. Alisema mtunzaji aliyeondoka huenda alikirudisha mahali pasipo pake. Alisema hivyo mimi nikiwa nimekaa hatua sita kutoka kwake. Hakimu alisema hapana neno, akasoma alama nyingine. Safari hii kilitoka kitabu cha kujifunza kuhesabu, cha watoto, chenye picha ya tembo. Ya tatu ilikuwa kabati A, rafu ya tano, na kabati A lilikuwa halina tena rafu ya tano, kwa sababu tuliiondoa ilipoliwa. Katibu alipiga magoti mbele ya kabati akatafuta rafu ambayo haipo. Suti yake ilishika vumbi magotini.

Hapo hakuna aliyecheka. Nilisikia turubai likipigwapigwa na upepo. Mwenyekiti alinigeukia, na nyuso nyingine zikafuata. Nilikunja mikono mapajani.

Ndipo Bibi alipoinuka. Alishika kiti cha mbele yake na kusema kwamba basi atafutiwe kile cha baba yake, kile cha kuandikwa kwa mkono, habari za safari za babu yake kutoka pwani. Hicho kilipona mchwa. Nilikipangusa mwenyewe kwa kitambaa kikavu, nikakiweka kabati la historia, rafu ya pili, cha kwanza. Katibu alitafuta kwenye orodha, akafungua kabati, akafungua jingine. Funguo zilimponyoka mara mbili. Bibi alisubiri akiwa amesimama. Kisha akageuza uso upande wangu. Sijui kama aliniona au alikisia tu nilipo.

"Mwanangu," alisema, "kiko wapi kitabu cha baba?"

Ingenibidi nitembee hatua nane tu, na kilikuwa kwenye kimo cha bega langu. Nilibaki nimekaa.

"Shikamoo Bibi," nilisema. "Muulize aliyeandika orodha."

Hakuitikia shikamoo yangu. Alikaa. Hakimu alishukuru kwa ukarimu, akasema ana safari, akaondoka na nakala yake ya katalogi chini ya kwapa. Mimi nilimaliza juisi yangu kabla ya kwenda nyumbani.

Wiki zilizofuata niliambiwa habari na wanachama waliopita kwangu kunisalimu. Binti mpya alikuwa anajua kompyuta kweli, lakini kompyuta ilikuwa na orodha ile ile. Mtu alikuja na alama ya kitabu cha ugonjwa wa kisukari akaondoka na mashairi. Binti alijaribu kuvisoma vitabu kimoja kimoja ili avipange, na kila kilichorudishwa alikiweka palipokuwa na nafasi, ukawa mchafuko juu ya mchafuko. Mwezi wa pili aliacha kazi. Wanachama waliacha kuja. Makabati yalifungwa. Nilizipokea habari hizo nikiwa kibarazani nachambua mlenda, na kila mtu aliponiambia inasikitisha, nilisema inasikitisha.

Kadi zangu zilikuwa chini ya kitanda. Mara moja moja niliyavuta maboksi nikazipitia, nikasahihisha hapa na pale. Huo ndio ukweli; niliendelea kuifanya kazi ambayo nilikuwa nimekataa kuitoa.

Walikuja mwezi wa nne, mwenyekiti na Bibi. Bibi alikuwa ameshikwa mkono. Presha ya macho ilikuwa imemshinda. Alipoingia alipapasa kiti kabla ya kukaa. Nilimsalimu, safari hii akaitikia. Mwenyekiti alizungumza muda mrefu, juu ya chama, juu ya mzee aliyekianzisha, juu ya kusameheana. Nilimwacha amalize. Kisha nilimuuliza Bibi kama siku ile ya kikao alisikia katibu alichosema.

"Nilisikia," alisema. "Nilijua ni uongo. Nilinyamaza kwa kuwa yule ni damu yangu, na wewe nilijua utavumilia."

Nadhani alilisema hilo la mwisho kama sifa. Ndilo lililoniumiza kuliko yote, mpaka leo.

Niliwaambia nitarudi, nitatoa kadi zote, nitavirudisha vitabu mahali pake, na katalogi sahihi itapatikana. Lakini sitaiandika mimi. Ataiandika katibu, kwa mkono wake, mimi nikimsomea. Atakuja kila Jumanne na Alhamisi saa tisa alasiri, maktaba ikiwa wazi, akae kwenye meza ya mbele ambapo kila anayeingia atamwona. Na jalada likichapishwa litasema imeandaliwa na mimi, na chini yake, imenakiliwa na yeye. Mwenyekiti alisema hilo ni gumu kwa mtu wa hadhi yake. Nilimwambia basi makabati yabaki yamefungwa.

Alikuja. Sijui walimwambiaje, nasikia wanachama walitishia kuvunja chama na kulipeleka jambo kwa mkuu wake wa idara. Jumanne ya kwanza alifika na kalamu ya bei na uso kama jiwe. Nilimpa kiti kisicho na mto. Nikavuta kadi ya kwanza nikasoma polepole, jina la kitabu, mwandishi, kabati, rafu, nafasi, kilikotoka kitabu, hali yake. Aliandika. Nilimsimamisha nikamwambia herufi ya C haisomeki, afute aandike upya. Alifuta.

Tulikwenda hivyo miezi mitatu na nusu. Wanachama waliingia, wakamkuta, wakamsalimu kwa heshima zote, shikamoo mwalimu, huku macho yao yakiwa kwenye kalamu. Wanafunzi wake wawili walikuja kujiunga wakamkuta ameinama anaandika neno *mbolea* kwa kutajiwa. Aliwaambia anasaidia kidogo. Niliwaandikisha pole pole kuliko kawaida, ili wapate muda wa kutazama.

Siku moja mvua ilikuwa inanyesha na hapakuwa na mtu. Aliweka kalamu chini.

"Ulijua," alisema. "Siku ile ya kikao, ulijua ni orodha ya zamani."

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilianza kusema," nilimjibu. "Ukanishukuru kwa kunakili. Kabati E, rafu ya tatu, namba saba. Andika."

Akaandika. Aliniomba msamaha siku hiyo pia, kwa maneno machache, na naamini yalitoka moyoni. Nilimwambia nimesikia. Nikavuta kadi iliyofuata.

Ningependa kuandika kwamba nilijuta. Wanaonijua wanatarajia nijute, hasa juu ya Bibi. Kitabu cha baba yake nilimkabidhi mwenyewe mkononi siku ya kwanza makabati yalipofunguliwa. Alikipapasa pembe zote, akakifungua, akakisogeza karibu kabisa na uso mpaka pua ikagusa karatasi. Miezi minne nyuma, kwa mwanga mzuri, angeambulia mistari kadhaa. Alikifunga akaniomba nimsomee. Nilimwambia katibu ni damu yake, atamsomea yeye. Na kweli, kila Ijumaa baada ya swala alikuja akamsomea, kwa ile sauti yake ya kutulia, na mimi niliwasikia kutoka mezani kwangu nikipanga kadi. Mwaka uliofuata Bibi alifariki. Nilikwenda msibani, nikapika na wanawake wenzangu siku tatu, nikalia, na kilio changu kilikuwa cha kweli. Juu ya zile hatua nane nimefikiri mara nyingi. Sijui kama ningezitembea leo.

Katalogi ilichapishwa na maneno ya jalada niliyoyataka. Inafanya kazi. Mtu aliyejiunga jana anakifikia kitabu chake, na kila baada ya miezi sita natoa nyongeza ya kurasa mbili tatu kwa vitabu vipya. Katibu hakugombea tena. Alihamia chuo cha mkoa mwingine.

Mwezi uliopita nilipokea barua yake. Anaandika makala kuhusu misafara iliyopita nyanda hizi na anaomba nakala ya kurasa chache za kitabu cha babu yake. Barua ilikuwa ya adabu. Alitaja kabati, rafu na nafasi, bila kosa hata moja. Kanuni zetu zinampa mtunzaji siku saba za kujibu maombi ya nje ya mji. Kurasa zenyewe nilizipiga kopi siku ile ile, dukani hapo jirani, nikaziweka kwenye bahasha na kuandika anwani yake. Niliiacha juu ya meza, mahali ninapoiona kila ninaponyanyua macho, na niliipeleka posta siku ya saba, alasiri, walipokaribia kufunga.